Hongera, Jirani, kwa Duka

Hongera, jirani yetu wa Masuguru: chipsi basi, sasa unaitwa Mangi. Kabati la kioo lililolala vipaja vya kuku limepangwa sabuni za mche, viberiti na sukari ya robo, vyote vikinukia mafuta ya juzi. Unga unaupimia bakuli la kachumbari. Mizani itakuja, inshallah. Ukutani "Chipsi Mayai" bado inang'aa, ila chini yake umeongeza "Kukopa Harusi, Kulipa Matanga". Wadeni wa chipsi wamesoma, wamehamia duka la pili. Leseni, kwa sheria ya mwaka 1972, hutaja aina ya biashara. Yako bado inakaanga. Ndiyo maana afisa biashara siku hizi ananunua kiberiti kimoja kimoja, akiusoma ukuta polepole.