Jinsi ya Kumlipa Kausha Damu Mara Moja Tu

Siku mkopeshaji wa riba kubwa, yule tunayemwita kausha damu, atakapokupigia kwa sauti ya upole, akakuita "mteja wangu mpendwa" na kusema lile deni la milioni tatu na laki mbili mlimalize kwa milioni mbili tu, tafuta mahali ukae. Mtu huyohuyo wiki iliyopita alikuwa anampigia mama mkwe wako kumuuliza umejificha wapi. Punguzo la namna hiyo lipo, na wengi limewaokoa. Ila njia utakayopitishia hizo milioni mbili ndiyo itakayoamua kama deni limekufa au limelala tu.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya shangazi yangu, mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro. Alikopa laki nane kumalizia ada ya chuo ya mtoto wake. Dhamana ilikuwa kadi yake ya ATM, na namba ya siri imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye kijikaratasi kilichofungwa na kadi kwa rababendi. Kadi ikawekwa kwenye boksi la viatu, pamoja na kadi za walimu wengine. Mshahara ukiingia, mkopeshaji anawahi mashine, anachukua chake, na kinachobaki anampelekea mwenye kadi kana kwamba ni zawadi. Shangazi alipopokea zamu yake ya upatu alikwenda kumaliza: laki sita taslimu, mezani, mbele ya kijana wa ofisi aliyekuwa akilowesha kidole kwenye kifuniko cha chupa ya maji kila baada ya noti kumi. "Mwalimu, umemaliza, nenda kapumzike," kijana akasema. Miezi miwili baadaye kijana hakuwa tena pale, na daftari la ofisi halikuwa na laki sita yoyote. Shangazi alilipa tena.

Basi hatua ya kwanza haihusu pesa kabisa. Soma mkataba uone nani aliyekukopesha: kampuni, kikundi au mtu. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha Tanzania anatakiwa awe na leseni, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo ya kwenye simu zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Jina lililo kwenye mkataba, jina lililo kwenye leseni na jina la akaunti unayoelekezwa kulipa yanapaswa kuwa jina moja. Yakiwa majina matatu tofauti, uliza mpaka ujibiwe. Kuuliza hakuongezi riba.

Pili, barua kabla ya pesa. Hapa usikubali kuharakishwa hata ukiambiwa ofa inaisha saa kumi jioni. Barua itaje deni lilikuwa kiasi gani, mmekubaliana kiasi gani, kitalipwa lini na kwenye akaunti ipi, na iseme waziwazi kwamba kikishalipwa hakuna salio, riba wala faini itakayodaiwa tena, na kwamba dhamana fulani itarudishwa siku fulani. Iwe na sahihi na muhuri. Sheria yetu ya Mikataba inamruhusu mdai kusamehe sehemu ya deni, lakini msamaha wa mdomo unamtegemea aliyesamehe aendelee kuukumbuka. Ukiambiwa kwamba kuandikishana ni kukosa imani, mkumbushe mwenzako kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni, na inataka awepo mwandishi na mashahidi. Wahenga nao walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hakuna anayetukanwa kwa kuombwa karatasi.

Sasa njia yenyewe.

Taslimu ina utamu wake, nauelewa. Noti mia mbili za elfu kumi, wale wekundu wa Msimbazi, zikipangwa mezani zinamfanya mkopeshaji atabasamu na wewe ujione umetua mzigo. Haina makato, na wapo waliorudi kwenye taslimu tangu tozo ya miamala ya mwaka 2021. Lakini noti haina kumbukumbu. Ikishavuka meza, aliyebaki na ushahidi ni yule aliyeipokea. Kama hakuna njia nyingine kabisa, nenda na mashahidi wawili wanaojua kusoma, na pesa isitoke mkononi kabla risiti haijaandikwa, yenye jina la kampuni, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, na neno "malipo ya mwisho".

Namba binafsi ya ofisa ikwepe. Atakuambia mtandao wa ofisi unasumbua, atakuambia bosi yuko safarini, atakuambia wateja wote wanafanya hivyo. Pesa iliyoingia kwenye simu ya ofisa ni zawadi kwa ofisa mpaka uthibitishe vinginevyo. Na siku hizohizo za kulipa ndipo utakapopokea ule ujumbe ambao kila mwenye simu nchini anaufahamu: ile pesa itume kwenye namba hii, jina litakuja la fulani. Huyo hajui kama unadaiwa. Anatuma kwa maelfu ya watu akijua kati yao hawakosekani wenye deni. Usimjibu. Utume ujumbe wake kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, halafu ufute.

Lipa namba ya kampuni ni afadhali sana, kwa sababu jina linatokea kabla hujathibitisha malipo. Lisome lote, mpaka herufi ya mwisho. Vidole vina haraka kuliko macho, na wengi hubonyeza moja kukubali kabla jina halijamaliza kutokea. Kasoro yake ni kwamba ujumbe wa muamala unaonyesha umelipa nani na kiasi gani, hauonyeshi umelipa kwa ajili ya nini. Barua yako ndiyo itakayojaza pengo hilo.

Mimi nachagua benki, na sioni aibu kupanga foleni kwa ajili yake. Unaweka moja kwa moja kwenye akaunti yenye jina la mkopeshaji, na kwenye nafasi ya maelezo unaandika: malipo ya mwisho ya mkopo namba fulani, kwa mujibu wa barua ya tarehe fulani. Karani anagonga muhuri, unaondoka na nakala. Hapo wamekuwa watatu wanaojua: wewe, yeye na benki, na yule wa tatu hana ugomvi na yeyote kati yenu. Angalizo moja dogo lenye gharama kubwa: karatasi ya risiti inayotoka kwenye mashine ya wakala hufifia. Shangazi alikuwa na bahasha nzima ya risiti za zamani. Tulipozifungua zilikuwa nyeupe pe, kama hazijawahi kuandikwa. Piga picha siku hiyohiyo, toa kopi, na kopi moja ilale nyumba nyingine.

Mkikubaliana kulipa kwa awamu, kila awamu ipite njia ileile, na isichelewe hata siku moja. Ikichelewa, mara nyingi punguzo hufa palepale na deni la awali likafufuka.

Ukishalipa, usirudi nyumbani bado. Dai barua ya kumaliza deni na dhamana yako papo hapo. Kama ulisainishwa karatasi ya kuuza kiwanja ili ionekane umeuza na siyo umeweka rehani, na hilo hufanyika sana, dai ile ya asili, siyo kopi, na barua inayosema mauziano hayo hayapo. Kama ni kadi ya benki, ichukue, lakini usiiamini tena.

Mara ya pili shangazi alilipa kwa benki, mimi nikiwa pembeni na barua yenye muhuri mkononi. Tulipokwenda kuichukua kadi, kijana mwingine alichakura boksi la viatu kwa muda mrefu mpaka akaipata, rababendi imekauka na kukatikia mikononi mwake. Shangazi aliitazama pande zote mbili, akaitia kwenye mkoba, kisha akaniambia tupitie benki kabla ya kula. Aliifunga kadi ile saa nane mchana, akaomba mpya. Alipofika kwenye mashine ya kuchagua namba ya siri aliniashiria nigeuke, nami nikageuka nikitazama barabarani mpaka aliponigusa bega.