Mpagazi: Mizigo Sita Aliyotuachia Njiani

Ninyi mnaonuna basi likichelewa nusu saa Makambako, sogeeni karibu. Kabla ya lami na kabla ya reli ya TAZARA, nyanda hizi za Iringa na Mbeya zilivukwa kwa miguu, na aliyezivuka na mali ya watu begani aliitwa mpagazi. Kila siku tunatumia urithi wake bila kumtaja. Leo tunamtaja, kuanzia sita kushuka hadi moja.

6. Jina lenyewe
Kupagaa ni kubeba mzigo begani. Anayepagaa ni mpagazi, na kazi yake ni upagazi. Mlimani Kilimanjaro jina hilo bado liko kazini. Pepo naye akimpanda mtu, tunasema amepagawa, maana kabebeshwa asichokiona. Kwa hiyo shabiki anayepagawa Simba na Yanga zikicheza ni ndugu wa mpagazi kabisa. Tofauti ni moja tu: mpagazi alilipwa.

5. Kituo
Mzigo wa mtu mmoja msafarani ulikuwa kilo 30 hivi. Mahali pa kuutua ndipo kituo. Kutoka Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa siku, hizo ni wiki mbili na ushei, milima na mvua bila nyongeza ya malipo. Utingo akiita "Mafinga, Makambako, Igawa, Uyole!", anakutajia mahali pa kupumzisha mabega. Nawe uliyepanda na begi moja na chaja, ukishuka Uyole usiseme umechoka. Sema umekaa sana.

4. Posho
Hiki kilikuwa chakula cha mpagazi cha kila siku: kibaba cha nafaka, au kitambaa na shanga za kununulia nafaka vijijini. Posho ikikatika, msafara ulisimama, na hakuna tajiri aliyekuwa na ubavu wa kubishana na njaa ya watu mia. Siku hizi posho imehamia kwenye bahasha za semina. Mpagazi aliipata kwa kutembea kutwa. Sisi tunaipata kwa kukaa kutwa.

3. Hongo
Msafara ukiingia nchi ya mtawala, ulitoa vitambaa, shanga au nyaya ili upewe njia. Hiyo ndiyo hongo, na ilijadiliwa mchana kweupe, wakati mwingine kwa siku kadhaa, huku wapagazi wakipata nafasi ya kunyoosha migongo. Hongo ya zamani ilikuwa na mashahidi. Ya leo inawakimbia. Tukiirithi njia, tuurithi na ule uwazi wake.

2. Unyapara wa James Chuma
Mwaka 1879 msafara wa Waingereza ulitoka pwani kuelekea Ziwa Nyasa. Kiongozi wake, Keith Johnston, alifariki Behobeho, na uongozi ukamwangukia Joseph Thomson, kijana wa miaka 21. Bahati yake ni kwamba mnyapara wa wapagazi alikuwa James Chuma, Myao aliyekuwa miongoni mwa watu waliouchukua mwili wa msafiri Livingstone hadi pwani. Msafara ukapita Uhehe na Ubena, ukafika kaskazini mwa Nyasa. Vitabu vinasema Thomson "aliwaongoza". Haya, lakini tumwandike na Chuma kwa wino uleule, maana mwenye miaka 21 hajui hata pa kukodi mtumbwi.

1. Kariakoo
Mfanyabiashara wa Mwanjelwa, Mbeya, akisema anakwenda Kariakoo kufuata mzigo, ametamka historia nzima. Katika Vita Kuu ya Kwanza mpagazi alibeba risasi na chakula cha majeshi ya pande zote mbili. Mwaka 1916 Waingereza walivuka kutoka Nyasaland, wakapita Njombe, na Agosti wakaingia Iringa. Kila hatua ya bunduki ilitanguliwa na bega la mtu. Wabebaji walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kikosi chao kwa upande wa Waingereza kiliitwa Carrier Corps, na kwa matamshi ya Kiswahili kambi yao Dar es Salaam ikawa Kariakoo.

Sanamu ya Askari, iliyowekwa jijini humo mwaka 1927, inawataja wabebaji kwenye maandishi yake, lakini aliyesimamishwa juu ni mwenye bunduki. Basi mpagazi achongwe Makambako, zinapokutana barabara za Iringa, Mbeya na Njombe, mzigo wake begani na uso wake uonekane. Siku ya kuizindua sanamu hiyo, hotuba ziwe fupi, na posho iwe kibaba cha mahindi kwa kila aliyefika kwa miguu.