Masikio Mawili, Spika Saba

Ukiunda kompyuta ya kuchezea gemu, kadi ya picha hula hela kwanza, prosesa inafuata, RAM inalamba sahani, na sauti hununuliwa kwa chenji. Ndivyo nilivyofika Kariakoo na chenji yangu, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, kijana wa dukani akaniuliza: "Shikamoo mzee, unamnunulia mtoto?" Nikamwambia natafuta hedifoni za kwangu. Akanyamaza kwa heshima, ile heshima wanayopewa wagonjwa.

Akaniletea hedifoni zinazowaka taa za kila rangi. Kitu kinavaliwa kichwani, mwenyewe hakioni, taa za nini? Kwenye boksi pameandikwa 7.1, yaani spika saba na sabufa moja, zote eti zimekuzunguka. Nikachungulia nyuma ya sponji, mwenye duka akakohoa. Kila upande spika moja. Jumla mbili. Zilizobaki ni programu.

Programu yenyewe si uongo mtupu. Sauti ya kulia hulifikia sikio la kulia kabla ya la kushoto, kwa tofauti isiyofika hata milisekunde moja, na ubongo unapiga hesabu hiyo bila kuombwa. Mikunjo ya sikio nayo husaidia kujua kama hatua za adui ziko mbele au nyuma, juu au chini. Programu inaiga yote hayo kwa kipimo cha masikio ya wastani. Sasa mimi sikio langu la kushoto lilivutwa miaka mingi na mwalimu wa hesabu, wastani litautoa wapi? Isitoshe, gemu ya Counter-Strike ina programu ya kwake ndani, na Windows inayo nyingine ya bure, Windows Sonic. Washa ya gemu, washa na ya hedifoni juu yake, halafu adui aliye chumba cha pili utamsikia yuko Kibaha.

Kijana akahamia kwenye kadi za sauti. Mwaka 1989, Creative ya Singapore ilipotoa Sound Blaster, kadi ilikuwa na kazi, maana kompyuta nyingi za mezani zilijua kusema "pii" basi. Baadaye chipu ya sauti ikahamia kwenye mazabodi yenyewe, na Windows Vista ya 2007 ikaiziba ile njia ya gemu kupeleka sauti moja kwa moja kwenye kadi. Kwa hedifoni za kawaida, tundu la kijani nyuma ya kompyuta linatosha kabisa. "Lakini mzee, hii ni kilohezi 192!" Sikio zima la kijana huishia kama hezi 20,000, la kwangu liliishia njiani zamani, na CD tangu 1982 imeridhika na sampuli 44,100 kwa sekunde. Zinazozidi auziwe popo.

Kama kuna mvumo kwenye hedifoni, kwanza tazama soketi. Nyumba nyingi tunazopanga zina tundu la tatu la urembo tu, ethi haipo, na ukigusa kasha la kompyuta kwa mguu mtupu linakusalimia. Fundi wa umeme anakusaidia hapo kuliko duka zima.

"Basi chukua sabufa, mzee." PMPO wati 8,000, kwa herufi za dhahabu. Nikaigeuza. Nyuma, kwa herufi za kutafutwa na miwani, inakula umeme wati 45. Pasi yangu ya wati 1,000 inaifilisi LUKU. Hiki kiboksi kingekuwa pasi nane. Hizo wati nyingine zinatoka wapi, mbinguni?

Za Bluetooth nilizikataa kabla hajafungua kabati. Sauti yake huchelewa, mara nyingi zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde, na kwenye gemu za risasi huo ni muda wa kutosha kufa kwanza ndipo usikie mlio. Ukiwasha na maiki yake, mara nyingi muziki wote unashuka hadi kiwango cha simu. Wasiotaka waya wachukue zile zenye kidude chake cha kuchomeka USB.

Nikanunua za waya, hazina taa. Zinasikika vizuri, sina neno. Balaa ni maiki. Ile ya mezani ya USB niliyoazimwa na shemeji inasikia vyumba vyote, na mtaa wetu haujawahi kunyamaza: jogoo, bodaboda, na yule bwana wa kipaza sauti anayerudia kutwa nzima kwamba ana dawa ya mende, kunguni na panya. Juzi tumebanwa, tumebaki wawili, nanong'ona adui yuko ghorofani, nasubiri mwenzangu wa Nairobi anijibu anatokea upande gani.

"Buda," akasema, "hiyo dawa ya kunguni ni pesa ngapi?"