Ya Pili Kuanzia Wapi?

Kanuni ya kipilefti inaenea nyuma ya tiketi ya daladala: mpishe aliye kulia kwako, maana huyo ameshaingia. Basi. Haina kifungu kidogo cha (a) wala (b). Nimeendesha gari Dar es Salaam miaka mingi nikiwa nayo kichwani, na ninachoweza kuthibitisha ni kwamba anayeikumbuka ndiye anayechelewa kazini.

Njoo Kigogo asubuhi, saa moja na nusu hivi, ujionee. Umesimama mdomoni mwa kipilefti kwa adabu zako zote. Unaangalia kulia, gari linakuja, unalipisha. Nyuma yake kuna jingine, unalipisha. Aliye nyuma yako ameshaanza honi, na si ile ya kukustua, ni ile ya kukusimulia alivyokuchoka. Bodaboda wawili wamepita kushoto, mmoja kulia, na bajaji imepenya kati yako na ukingo wa barabara, ikakaa mbele yako kimshazari. Dereva wake hata hakutazami. Kukutazama kungekuwa kukiri kwamba upo.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kipaumbele hakipimwi kwa kulia wala kushoto, kinapimwa kwa hasara. Madereva wawili wanapokutana, kila mmoja analitazama gari la mwenzake na kupiga hesabu ya haraka: tukigusana, nani atalia zaidi? Gari langu nimelinunua kwa mkopo wa SACCOS, rangi bado ni ile liliyotoka nayo Japani. Daladala linalonijia lina mlango uliofungwa kwa kamba, taa moja, na bampa ilishabaki Mbagala zamani. Kwenye hesabu hiyo mimi nimeshindwa kabla sijakanyaga klachi.

Siku moja niliamua kushikilia haki yangu. Nilikuwa ndani ya duara, nazunguka kihalali kabisa, daladala likajitupa mbele yangu kutokea kushoto, likakwama nusu ndani nusu nje. Nikapiga breki, lakini sikurudi nyuma. Konda akaruka chini, akaja kusimama mbele ya gari langu, kiganja juu ya boneti.

"Bosi, tulia hapohapo. Usinitie hasara asubuhi yote hii."

"Wewe ndiye unayepaswa kutulia," nikamwambia. "Mimi nimo ndani."

"Ndani ya nini?" akauliza, na nakuapia aliuliza kwa dhati, kama mtu anayetaka kuelimishwa.

Nikashusha kioo hadi mwisho nimweleze. Nikaanza na mkono wa kulia, nikaendelea na aliyetangulia kuingia, nikawa naelekea kwenye sheria yenyewe, ndipo mama mmoja aliyekaa dirishani na ndoo ya dagaa mapajani akaimaliza kesi: "Kaka, wapishe tu hao. Wameshapita."

Na kweli, walikuwa wameshapita. Konda alikuwa anakimbia nyuma ya mlango.

Utaniambia nitumie taa. Taa zina lugha yake, tena lugha ngumu. Anayekuwashia full anaweza kuwa anakuambia "pita, ndugu yangu", anaweza pia kuwa anakuambia "thubutu upite". Mwako ni uleule. Kujua ni ipi kati ya hizo inabidi umfahamu mtu mpaka kwao.

Halafu kuna indikata. Kwenye barabara kuu, dereva wa lori aliye mbele yako akiwasha ya kulia anakuonya usimpite, akiwasha ya kushoto anakuambia njia nyeupe, pita. Ni ustaarabu mzuri na umewaokoa wengi. Shida inaanza lori hilohilo linapotoka Dodoma na kufika Msamvu, pale Morogoro, likiingia kwenye kipilefti huku indikata ya kulia inawaka. Je, linazunguka kwenda Iringa, au bado linanikataza? Utingo wake nilimuuliza kwa ishara ya mkono. Akanipungia kwa furaha.

Ninaowaheshimu zaidi ni wale wa hazadi. Hawa wakitaka kwenda moja kwa moja huwasha taa zote za kando, kwa mantiki kwamba kulia ukijumlisha na kushoto unapata katikati. Hesabu haina kasoro. Tatizo ni kwamba wewe unayesubiri upande wa kushoto wake unaiona taa moja tu, ya kushoto, kwa hiyo unaingia kwa imani kwamba jamaa anakunja, na jamaa anakuja moja kwa moja mlangoni kwako akishangaa kwa nini hukumwona amewasha Krismasi nzima.

Mjomba wangu aliipenda sana hesabu hiyo nilipomweleza. Ni mwalimu wa hesabu mstaafu, anaishi Singida, na alikuja mjini kufuatilia mafao yake. Nilimpokea stendi ya Mbezi, shikamoo, marahaba, mizigo ikaingia nyuma pamoja na jogoo mmoja aliyefungwa miguu, tukashika Barabara ya Morogoro. Tulipokuwa juu ya daraja la Kijazi, mjomba akageuka huku na huku.

"Mjomba, Ubungo mmeipeleka wapi?"

"Iko chini yetu."

Hakuamini. Ubungo anayoijua yeye ilikuwa na taa za kuongozea magari, na chini ya taa hizo aliwahi kununua karanga akazila, akanunua maji akayanywa, na taa ikawa bado nyekundu. Nikamweleza kwamba tangu Februari 2021 ile njia panda ina ngazi tatu, magari yanapita juu kwa juu. Akatafakari. "Na wauza karanga wako ngazi ya ngapi?"

Kesho yake tukaenda mjini. Simu niliibandika kwenye dashibodi, dada wa ramani akawa anatuongoza kwa Kiingereza chake kilichopigwa pasi. Tulipokaribia Sanamu ya Askari akasema tukifika kwenye mzunguko tutoke njia ya pili. Nikamtafsiria mjomba.

Mjomba akashusha miwani kwenye ncha ya pua. Wanafunzi wake wa zamani wanasema hapo ndipo mtu alipokuwa anatamani kengele ilie.

"Ya pili kuanzia wapi?"

"Kuanzia tulipoingilia, mjomba."

"Tulipoingilia ni sifuri au ni moja?"

"Ni sifuri."

"Nani kasema?"

Tulikuwa tumeshaingia. Njia ya kwanza ikapita kushoto kwetu.

"Hiyo ndiyo moja," nikasema.

"Ni moja kama ile ni sifuri. Hujathibitisha kwamba ile ni sifuri. Na kama mojawapo ni ya kuingilia tu, magari yanakuja hayaendi, hiyo nayo inahesabiwa?"

Hapo nikanyamaza, kwa sababu ni swali zuri. Njia usiyoruhusiwa kuiingia ni njia, au ni ukuta wenye magari? Nikamwachia dada wa ramani ajibu. Dada alikuwa anatafuta upya. Wakati anatafuta, tukazunguka. Alipopata, mjomba alikuwa ananyoosha kidole kuhesabu upya kutokea tulipo, kidole kikaziba kioo cha pembeni, tukazunguka tena. Muuza magazeti aliyekuwa amesimama pale akatufuata kwa macho mzunguko mzima, kisha akapaza sauti:

"Mzee! Bi harusi mmemwacha wapi?"

Nashukuru tulikuwa pale na si kwingine. Yule askari wa shaba yupo tangu 1927, bunduki mkononi, singe ameielekeza bandarini, na ndiye askari pekee ninayemjua mjini ambaye unaweza kumzunguka upendavyo asikuombe leseni. Mjomba alimtazama alipopita dirishani kwangu kwa mara nyingine.

"Huyu anaelekeza wapi?"

"Bandarini."

"Basi mfuate huyu. Huyu angalau habadilishi maelezo."

Tukafuata singe, tukatokea Posta ya Zamani, na kutoka hapo mjomba akaikumbuka njia mwenyewe. Dada wa ramani tulimzima.

Huwa naambiwa kwamba vurugu hizi ni ushamba wetu, kwamba wenzetu huko wamestaarabika. Nimelifuatilia jambo hili na napenda kuwatetea hata wale walionionea. Kipilefti tuliletewa na Waingereza, nao kwao walizunguka miaka mingi bila kukubaliana nani ampishe nani. Anayeingia aliweza kujisukuma kama konda wetu. Ukifanya hivyo, duara linajaa. Likijaa, waliomo hawawezi kutoka kwa kuwa njia za kutokea zimezibwa na wanaozunguka. Wanaozunguka nao hawasogei kwa kuwa mbele yao kuna walioingia. Kila mtu anamsubiri mwenzake aliye mbele, na aliye mbele kabisa hayupo, kwa sababu duara halina mbele.

Uingereza walikuja kuifanya kanuni ya kumpisha aliye kulia kuwa ya lazima Novemba 1966. Bendera yao hapa tuliishusha Desemba 1961. Piga hesabu. Walituachia duara, kanuni yake wakaja kuikamilisha sisi tumeshawapa mkono wa kwaheri. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya 1973, lakini naona nakala ya Kigogo bado iko njiani.

Tena walipoipata kanuni hiyo waliifurahia kupita kiasi. Mwaka 1972, mjini Swindon, walijenga vipilefti vitano vidogo vikalizunguka duara moja kubwa, na lile duara la katikati linazunguka kinyume cha vile vidogo. Magari yanapita, watu wanafika kazini. Simpeleki mjomba huko, tutazeeka ndani. Wafaransa nao, Paris, wana barabara 12 zinazomwagika kwenye duara moja kuzunguka Arc de Triomphe, na pale hadi leo anayeingia ndiye anayepishwa. Yule konda angepewa uraia siku hiyohiyo.

Sijamtaja trafiki. Trafiki huja kusaidia. Anasimama katikati, sare nyeupe imenyooka, anazuia upande wako, anaruhusu upande mwingine, anapokea simu. Upande mwingine unaisha magari yote mpaka barabara inabaki na mbuzi, na yeye bado yuko kwenye simu, mkono wake ukiwa juu. Mkono ule unasema simama au unasema njoo? Ukikosea tafsiri ni elfu thelathini. Kwa hiyo mnakaa, mnautazama mkono.

Lakini kama kuna mtumiaji wa kipilefti asiyenipa hoja ya kumjibu, ni msafara wa harusi. Ulinikuta Moshi, Jumamosi alasiri, kwenye Mnara wa Saa. Mbele pikapu ya matarumbeta, wapulizaji mashavu yamejaa. Nyuma yake gari lenye mpiga video aliyekaa kwenye buti wazi, miguu inaning'inia, kamera imemwelekea bi harusi. Kisha gari la maharusi lenye riboni, kisha Coaster ya wapambe waliojitoa madirishani nusu mwili wakipunga vitambaa, kisha magari ya ndugu, yote na hazadi. Wakaingia kwenye duara wakaanza kuzunguka, na msafara ulikuwa mrefu kiasi kwamba gari la mwisho la ndugu lilikuwa linaingia wakati pikapu inapita tena mbele yangu.

Nikataka kukasirika, nikashindwa kupata kifungu. Wamo ndani. Wako kulia kwangu. Hawamchomekei mtu wala hawajamkata mtu. Kwa mujibu wa kanuni ninayoilinda miaka yote, wana haki ya kupishwa mpaka watakapotoka, na kanuni haisemi popote kwamba ni lazima watoke. Nilikaa pale nikiwapisha kihalali. Dereva wa Hiace aliyekuwa pembeni yangu, mtu ambaye kwa siku ya kawaida angeshapita juu ya bustani, alizima injini akaanza kutikisa mabega kufuata tarumbeta.

Sasa nina ombi kwa kamati za harusi, hasa zile zenye mwenyekiti, katibu, mweka hazina na kadi ya mchango iliyonifikia jana. Bajeti ya keki ipo, ya matarumbeta ipo, ya mpiga video ipo. Ongezeni kipengele kimoja: kukodi uwanja wa mpira kwa saa moja. Nao una duara katikati, mnaweza kumzungusha bi harusi mpaka achoke, picha zitatoka nzuri kuliko za barabarani. Mchango wangu wa kipengele hicho uko tayari, na nitautoa taslimu, si ahadi.