Waraka kwa Madiwani wa Nottingham Kuhusu Mabomba ya Joto

Kwa Waheshimiwa Madiwani,
Halmashauri ya Jiji la Nottingham,
Loxley House, Station Street.

Waheshimiwa,

Naomba mnisikilize juu ya mali yenu moja ambayo wengi hawaioni kwa sababu imezikwa ardhini: mabomba ya maji moto ya jiji. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa wasemaji wa lugha hii nao wamepanga nyumba za halmashauri katika miji ya Uingereza, wanalipa bili za joto kama majirani zao, na ni nadra sana jambo hili kuelezwa kwa lugha wanayozungumza mezani.

Mgala muue na haki yake mpe, kwa hiyo nianze na haki yenu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 jiji lenu linafanya jambo ambalo miji mingi ya nchi hiyo ingali inalijadili kwenye semina. Taka za majumbani hupelekwa Eastcroft zikachomwa. Moto ule huchemsha maji yakawa mvuke, na mvuke husafiri kwa bomba hadi kituo cha joto cha London Road, ambako kwanza huzungusha mtambo wa kufua umeme, kisha joto linalobaki hupasha maji yanayozunguka katika mabomba ya zaidi ya kilomita 60 chini ya barabara zenu. Karibu nyumba 5,000, nyingi zikiwa katika mtaa wa St Ann's, hupata joto na maji ya kuogea kutoka huko. Hupata pia majengo makubwa ya katikati ya jiji, likiwamo jengo la maduka la Victoria Centre na Chuo Kikuu cha Nottingham Trent.

Msomaji wa Tanga au Unguja, ambaye hajawahi kununua joto maishani mwake, aelewe hivi: nyumba hizo hazihitaji boila zao zenyewe. Maji moto ya jiji hufika mlangoni, huacha joto lake kwenye maji ya nyumba bila maji hayo kuchanganyika, kisha hurudi kituoni yakiwa yamepoa ili yapashwe tena. Hakuna moshi wala silinda ya gesi. Mwezi wa Januari baridi ikikaza, bibi wa ghorofa ya nne anafungua valvu, chumba kinapata joto. Waliojenga mfumo huu walifanya kazi ya kusifiwa.

Lakini bibi huyo hana pa kwenda. Akiona umeme wake ni ghali, atapiga simu ahamie kampuni nyingine. Joto hawezi kulihama. Bomba ni moja, mwenye bomba ni ninyi, na kwa wengi wao mwenye nyumba pia ni ninyi. Mteja aliyefungwa hivyo ana haki ya kuangaliwa kwa jicho kali kuliko mteja yeyote mwingine mliye naye. Nasema kwa heshima, waheshimiwa, kwamba kwa miaka kadhaa jicho lenu lilikuwa kwingine.

Septemba 2015 mlianzisha kampuni ya kuuza umeme na gesi, Robin Hood Energy, ambayo haikukusudia faida. Nia ilikuwa njema na sina sababu ya kuitilia shaka: mlitaka familia maskini zipate nishati kwa bei nafuu. Kampuni ikatafuta wateja Uingereza nzima, na halmashauri nyingine, kama za Leeds, Liverpool na Islington, zikauza nishati yake kwa majina yao wenyewe. Ila biashara hiyo inataka mtaji mnene na watu waliozaliwa nayo. Muuzaji anamwahidi mteja bei ya mwaka mzima leo, halafu yeye mwenyewe anakwenda kununua sokoni. Asipokuwa amenunua mapema, baridi moja kali au mtikisiko mmoja wa bei ya gesi unamla. Makampuni makubwa yana fedha za kusubiri msimu upite. Ninyi mlikuwa na fedha za wakazi.

Mwaka 2019 kampuni ilishindwa kulipa kwa wakati zaidi ya paundi milioni 9 ilizodaiwa kwa ajili ya nishati jadidifu, mpaka mdhibiti wa nishati, Ofgem, akaingilia, na halmashauri ikatoa mkopo mwingine ili deni hilo lilipwe. Agosti 2020 wakaguzi wa hesabu, Grant Thornton, walitoa ripoti kwa maslahi ya umma wakazungumzia upofu wa taasisi: kwamba halmashauri ilitamani kampuni ifaulu kiasi cha kushindwa kuona dalili zilizokuwa mbele yake, na kwamba usimamizi wa madiwani kwenye bodi ya kampuni haukutosha kwa biashara ngumu kiasi kile. Mwezi uliofuata wateja, zaidi ya 100,000 wa majumbani, walihamishiwa kampuni ya British Gas. Wafanyakazi zaidi ya 200 walipoteza kazi. Hasara ya jiji ilikadiriwa kuwa paundi milioni 38.

Sitaki kukanyaga kaburi. Wengi wenu hamkuwapo madarakani siku hizo, na aliyekuwapo ameshayasikia haya mara nyingi. Nayataja kwa sababu ya swali moja ambalo sijasikia likiulizwa kwa sauti ya kutosha: wateja wale walikuwa watu gani? Walikuwa watu wenye uhuru wa kuondoka. Walikuja kwa sababu ya bei na wangeondoka kwa sababu ya bei. Kwa ajili yao halmashauri iliweka rehani mamilioni. Wakati huohuo, chini ya St Ann's, zilikuwapo kaya elfu kadhaa zisizoweza kuondoka, zikihudumiwa na mabomba ambayo baadhi ya njia zake zilichimbwa kabla wengi wa wapangaji wa leo hawajazaliwa. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tumerudi ngamani, waheshimiwa, basi tuangalie maji yaliyomo.

Bomba la joto huharibika kwa njia mbili, na zote mbili ni za polepole. Ya kwanza hutoka nje. Bomba la chuma huvikwa kifuniko cha kuhifadhi joto, na yale ya zamani mara nyingi hulazwa ndani ya mfereji wa zege. Mfereji ukiingiwa na maji ya mvua, kifuniko kinaloa, na chuma cha moto kilichofungwa ndani ya kitambaa kilicholowa kinaliwa na kutu usiku na mchana. Hakuna anayeona chochote mpaka siku lami inapoanza kufuka mvuke. Ya pili hutoka ndani. Maji ya mzunguko si maji ya bombani tu. Huondolewa chokaa na oksijeni ili yasile chuma. Kila panapovuja, kituo hulazimika kuongeza maji mapya, na maji mapya yasipotayarishwa vizuri huja na oksijeni, na oksijeni huleta kutu, na kutu hutoboa pengine. Tundu moja huzaa jingine.

Ndiyo maana mafundi wa kazi hii, popote walipo, huiheshimu mita moja kuliko zote: ile inayopima maji ya kuongezea. Kama mabomba ni mazima, mita hiyo husogea kidogo sana. Ikianza kukimbia, kuna mahali maji ya moto yanamwagika ardhini, na pamoja nayo yanamwagika mafuta, taka, mishahara na kodi za watu. Diwani anayejua namba ya mita hiyo mwezi kwa mwezi anaijua hali ya mtandao kuliko diwani aliyesoma mkakati wa kurasa mia wenye picha za upepo na jua. Ninyi mna lengo la jiji lisilochangia hewa ukaa ifikapo 2028, lengo kubwa, na mmelitangaza sana. Naomba namba ya mita hiyo nayo itangazwe.

Mabomba ya kisasa yanasaidia. Ndani ya povu gumu linalohifadhi joto hupitishwa nyaya nyembamba. Unyevu ukiingia, nyaya hutoa ishara na kuonyesha ni mita ya ngapi kutoka kituoni. Ila nyaya hazichimbi barabara. Lazima awepo fundi wa kusoma ishara, iwepo bajeti ya kuchimba, na awepo mtu ofisini asiyesema tusubiri mwaka ujao wa fedha. Bajeti ya matengenezo ndiyo rahisi kuliko zote kukatwa, kwa sababu bomba halipigi kelele siku linapokatiwa fedha. Kelele hupigwa na wapangaji miaka kadhaa baadaye, na mara nyingi mbele ya madiwani wengine kabisa.

Hapa sina budi kugusa kidonda. Desemba 2021 ofisa wenu wa fedha alilazimika kutoa taarifa ya kisheria kwamba fedha za akaunti ya nyumba, yaani kodi za wapangaji ambazo sheria inazilinda zitumike kwa nyumba tu, zilikuwa zimetumika kwa mambo mengine kinyume cha sheria, zaidi ya paundi milioni 15 kwa miaka kadhaa. Novemba 2023 ikaja taarifa nyingine, kwamba bajeti ya mwaka haiwezi kusawazishwa, na mwaka uliofuata serikali kuu ikaleta makamishna wa kuwasimamia. Mali bila daftari hupotea bila habari. Baada ya historia hiyo, mpangaji wa St Ann's akiuliza fedha anayolipia joto inaishia wapi, msimwone mkorofi. Ana haki ya kuonyeshwa daftari, ukurasa kwa ukurasa.

Kuhusu ununuzi wenyewe wa nishati nina machache. Utajiri wa mfumo wenu ni kwamba chanzo chake kikuu ni taka, na taka haipandi bei kwa sababu ya vita Ukraine. Lakini mtambo wa Eastcroft unaendeshwa na kampuni binafsi, FCC Environment, na unaposimama kwa matengenezo boila za akiba za London Road hushika zamu. Boila hizo hutumia gesi, na gesi ni bei ya soko. Tulishuhudia mwaka 2022 kwamba ukomo wa bei unaowekwa na Ofgem kulinda kaya haukuwafikia watu wa mitandao ya joto, maana gesi yao hununuliwa kwa mikataba ya kibiashara. Nchini kote wapo waliopandishiwa bili maradufu na zaidi. Hivi leo tunataka kujua: gesi ya akiba mnainunua kwa mafungu, miezi mingi kabla, au mnaikimbilia siku ya dharura?

Kuna jambo kubwa zaidi mbele yenu. Serikali imetangaza kwamba kuanzia 2028 wachomaji taka wataingizwa katika mfumo wa kulipia hewa ukaa wanayotoa. Gharama hiyo itaangukia mtu. Mkataba wenu unasema itamwangukia nani: mwendeshaji wa mtambo, halmashauri, au bibi wa ghorofa ya nne? Jibu la swali hilo liandikwe hadharani sasa, kabla bili haijaandikwa.

Wapo watakaosema siri za biashara haziruhusu. Denmark inapinga hoja hiyo kwa vitendo. Tangu sheria yao ya joto ya mwaka 1979, anayeuza joto hutoza gharama halisi za kazi na si zaidi, na gharama hizo huwasilishwa kwa mdhibiti. Zaidi ya nusu ya kaya za nchi ile hupashwa joto kwa mabomba ya pamoja, na mabomba hayajapasuka kwa sababu bei zimejulikana. Uingereza nayo imeanza kufuata: chini ya Sheria ya Nishati ya 2023, Ofgem amepewa kusimamia mitandao ya joto, na kuanzia Januari 2026 usimamizi huo umeanza kazi. Mnaweza kungoja mdhibiti awaulize, au mkamtangulia. Nawasihi mmtangulie, maana Nottingham imekuwa kwenye kazi hii kwa nusu karne, na ni aibu kwa mkongwe kufundishwa na sheria changa.

Ninachoomba hakihitaji kampuni mpya, nembo mpya wala mshauri wa kulipwa kwa siku. Chapisheni kila robo mwaka bei mnayonunulia joto na bei mnayomuuzia mpangaji. Chapisheni maji ya kuongezea, na urefu wa mabomba kwa umri wake. Fungueni mfuko wa matengenezo usioguswa kwa shughuli nyingine, na mkaguzi wa nje aukague. Na kwa kuwa mna shinikizo la kuuza mali ili kuziba mapengo, naongeza hili: akija mnunuzi wa mabomba, wapangaji wakae mezani tangu siku ya kwanza, kwani wao watauzwa pamoja nayo. Bristol ilishauza mtandao wake kwa kampuni ya Vattenfall mwaka 2023. Ilikuwa haki yake, na pengine iliona mbali. Ninyi msifike huko kwa kusukumwa na njaa ya mwaka mmoja wa fedha.

Nawe msomaji uliyepanga nyumba iliyounganishwa na mabomba ya aina hii, Nottingham au mji mwingine wowote, usiridhike na bili yenye jumla tu. Mwandikie diwani wako, umwulize bei ya kununulia joto ni ngapi na ni fedha kiasi gani iliyotengwa mwaka huu kwa mabomba. Mwombe akujibu kwa maandishi. Waheshimiwa, jambo hili liingizwe kwenye ajenda ya baraza kabla ya majira ya baridi yajayo.

Wenu mwenye heshima na matarajio.