Shika Sindano, Mwache Fundi Apumzike

Mafundi cherehani wa Buzebazeba, mjini Kigoma, wana kazi tele: magauni ya harusi, sare za shule, kanzu za Idi. Kuwapelekea kifungo kimoja kilichochomoka ni kuwaonea. Isitoshe, utaambiwa uje kesho, na kesho ya fundi unaijua ilivyo ndefu. Kaa mkekani, ujifunze.

Tafuta sindano, uzi wa pamba, mkasi unaokata kweli na kipande cha nta. Nta haisumbui kupatikana katika mkoa wenye warina asali kama Kigoma. Pitisha uzi juu yake mara mbili, hautajisokota ovyo. Kata uzi unaotoka vidoleni hadi kiwikoni, basi. Mvivu hukata mita mbili ili asitunge sindano tena, kisha jioni yote anafumua mafundo.

Kitambaa cha kujifunzia kipo. Ujiji imeshika nguo tangu zamani: msafara wa Stanley uliofika hapo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone ulitembea na marobota ya merikani na kaniki, kwa sababu njiani nguo ndiyo ilikuwa fedha ya kununulia chakula na kulipia hongo. Leo vitenge vinavuka ziwa kutoka Kongo. Lakini wewe anza na kanga. Doti huuzwa ikiwa bado haijatenganishwa. Ikate katikati, kunja ukingo mara mbili, ubonyeze kwa kucha, kisha upige bandi: sindano inazama, inaibuka, inazama. Bandi ni ya kushikiza tu. Anayeshona makalio ya suruali kwa bandi asiiname mbele za watu.

Penye kuvutwa, shona kwa kurudi nyuma. Tokeza sindano hatua moja mbele, irudishe ichome ulipoishia mshono uliotangulia, ipite chini na kutokea hatua nyingine mbele. Huo ndio mshono ninaoupenda kuliko yote, maana ukikatika mahali pamoja, sehemu iliyobaki haikimbilii kufumuka.

Sasa kile kifungo. Laza kijiti cha kiberiti juu yake, ushone ukipitisha uzi juu ya kijiti. Ukimaliza, chomoa kijiti, inua kifungo, zungushia uzi chini yake mara nne au tano, ndipo upige fundo. Kinapata kishingo, nguo inapumua. Kifungo kilichokandamizwa kwenye kitambaa kitararua shati kabla ya chenyewe kung'oka.

Kudarizi kuje baadaye, na kuanze na mnyororo. Sindano itokee juu. Irudi palepale ilipotokea, ichomoze mbele kidogo, huku uzi umelala chini ya ncha. Vuta taratibu, kitanzi kikae. Ukivuta kwa hasira, kitambaa kitakunjamana, na maua yako yatafanana na dagaa waliokaushwa mchangani. Kisha geuza kazi uitazame mgongoni, maana huko ndiko mafundo na mikato ya haraka hujificha.

Ukishauzoea mnyororo, mtazame kwa adabu mshona kofia za mkono. Kitobo cha kofia hakikatwi kwa mkasi. Nyuzi za kitambaa husukumwa kando kwa ncha kali, kisha ukingo wa tundu huzungushiwa uzi, mshono ukigusana na mshono, mpaka tundu lisimame wazi lenyewe. Halafu kinafuata cha jirani, kwa ukubwa uleule, kwenye mstari uleule, kuzunguka ukanda wote wa kofia na juu ya utosi. Kofia moja huchukua wiki nyingi. Jaribu vitobo vitatu kwenye kitambaa chakavu, vifanane, halafu ndipo uende ukaulize bei ya kofia. Na ukitajiwa, toa hela bila kuomba upunguziwe.