Mzee, Wewe Una Pointi Ngapi?

Mwezi wa saba ukikaribia mimi natamani nizime simu nihamie shambani. Shamba lenyewe sina. Matokeo ya fomu siksi yakitoka tu, ukoo mzima unakumbuka kwamba nipo hai. Mwaka mzima hakuna anayeuliza nimekula nini. Harusini nafahamika kwa mchango tu, tena kwa kukumbushwa deni. Lakini mtoto akimaliza shule, utasikia: "Si mjomba wake yupo Dar? Mjomba atamsindikiza." Mjomba ni mimi. Dar ni kweli nipo, Tandika ndanindani, chumba na sebule, na kagenge ambako faida yote inaliwa na nyanya zinazooza. Sasa kukaa Dar na kujua mambo ya vyuo vikuu wapi na wapi? Mimi fomu foo nilipata divisheni ambayo mama yangu mpaka leo akiulizwa anaanza kuongelea mvua.

Haya. Mpwa wangu kafaulu. Kombi ya PCB, C moja, D mbili. Dada kapiga simu kutoka Tabora analia kwa furaha, shemeji anacheka kwa nyuma, na mimi nikamfariji dada yangu, nikamwambia asijali, D mbili siyo mwisho wa maisha. Simu ikanyamaza. Kumbe huko juu D ni ufaulu wa heshima. Hesabu yao inakwenda hivi: A pointi 5, B pointi 4, C pointi 3, D pointi 2, E pointi 1. Kwa hiyo mtoto ana pointi 7. Kuingia chuo kikuu wanataka masomo mawili tu yenye jumla ya pointi 4. Nani alinifundisha hayo? Enzi zangu ukipata D ulilala kwa jirani mpaka baba apoe.

Grupu la familia likawaka moto. Shemeji: udaktari, hakuna mjadala. Bibi: unesi, apate wa kumpima presha bure. Shangazi wa Sumbawanga kaandika asome kozi ya kufanya kazi bandarini. Akaulizwa ni kozi ipi hiyo. Akatuma picha ya ua. Basi wakakubaliana jambo moja tu, kwamba mjomba ampeleke mtoto kwenye maonesho ya vyuo vikuu. Nauli? Mjomba. Chakula cha mchana? Unauliza tena?

Maonesho yenyewe ni yale ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, viwanja vya Mnazi Mmoja. Vyuo vinapanga mabanda, vinaleta muziki, na vijana wenye fulana wanagombea wapita njia kama makonda wa daladala za Mbagala. Mimi nimevaa suruali ya harusini, shati la mikono mirefu, viatu vya kufunika. Nilitaka nionekane mzazi. Jua la pale halijui mzazi. Tunafika getini natoka jasho mpaka kwenye soksi.

Binti mmoja kanidaka mkono. "Karibu mzee! Unaomba kozi gani?" Nikamwambia nimemleta mtoto. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Mtoto hayupo, keshaingia zamani, yuko banda la tatu anauliza maswali. Binti akanitazama kwa huruma. "Usione aibu, mzee. Elimu haina mwisho. Chuo Kikuu Huria kipo tangu 1992 kwa ajili ya watu wazima kama nyie." Halafu ndiyo akauliza, tena kwa sauti: "Wewe una pointi ngapi?" Watu wakageuka. Sikuwa na jibu. Nikaandika namba yangu ya simu kwenye daftari lake ili aniachie mkono. Na kila banda nililopita kulikuwa na daftari. Niliandika kote. Nilipewa kalamu kila mahali, wewe ungekataa?

Sasa nisikilize vizuri. Mabanda yale yote yanasema kitu kimoja. Sisi ni bora. Wahadhiri wabobezi. Miundombinu ya kisasa. Mazingira tulivu ya kujisomea. Vipeperushi nimebeba begi zima, na nyumbani nimevipanga sakafuni nikavikagua: kila chuo kina picha ya binti kavaa koti jeupe, anachungulia hadubini, anatabasamu. Hata chuo kinachofundisha uhasibu. Anaona nini humo? Mizania?

Na majina ya kozi sasa! Zamani ulikuwa unasema mtoto anasoma ualimu, anasoma uhandisi, basi, jirani anaelewa. Siku hizi ni Shahada ya Sayansi katika Usimamizi wa hiki na Maendeleo ya kile na Teknolojia ya hiki tena. Jina linaanza asubuhi linaisha adhuhuri. Kozi tatu zimepangana ukutani, tofauti neno moja tu. Nikamuuliza kijana wa banda, hizi zinatofautianaje? Akasema ni kozi tofauti kabisa. Kivipi? Akasema zina namba tofauti. Ukimaliza unafanya kazi gani? "Fursa ni nyingi sana, mzee." Kama ipi? "Unaweza hata kujiajiri."

Ndugu yangu. Mimi nimejiajiri bila hata cheti cha kuhudhuria semina. Nimejiajiri kwa nyanya. Hiyo kweli inataka miaka mitatu na ada?

Banda lingine nikakutana na takwimu bima. Jina sikulijua, ila kijana alikuwa mchangamfu, akajitolea kunielewesha kwa mfano. Ni hesabu, anasema, za kukadiria watu wataishi muda gani ili kampuni ijue iwatoze bima kiasi gani. Nikasema haiwezekani, siku ya mtu anaijua Mungu. Akasema siyo siku ya mtu mmoja, ni ya watu wengi kwa pamoja. Akaomba nimkubalie kuwa mfano. Umri? Nikataja. Unavuta? Niliacha. Unafanya mazoezi? Nabeba makreti. Presha? Sijapima. Baba alifariki ana miaka mingapi? Nikamwambia. Kijana akaandika andika kwenye karatasi, uchangamfu ukapungua. Akaikunja ile karatasi akaitia mfukoni. "Ni mfano tu, mzee," anasema, na akanipa kofia ya chuo bure. Wengine wote kofia walikuwa wananunua.

Nikaenda kukaa kivulini na kofia yangu ya rambirambi. Hapo mzee mmoja mstaafu, kaja na mjukuu, akanionyesha upande wa Mtaa wa Lumumba, hatua chache tu kutoka tulipokaa. Akasema chuo kikuu cha kwanza nchini kilianzia pale, Oktoba 1961, kwenye jengo la TANU, kabla hata hatujapata uhuru. Kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha London. Wanafunzi hawakufika ishirini. Kozi moja tu: sheria. Baadaye ndiyo wakahamia Mlimani, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha Dar es Salaam. Mimi masikio yaliishia kwenye kozi moja. Kozi moja! Unampeleka mtoto, unauliza mna nini, wanakwambia sheria, unasema haya, unarudi gengeni kabla nyanya hazijalainika. Hakuna kofia, hakuna anayekuhesabia siku zako.

Mpwa akanifuata. Twende kwenye udaktari, anasema, ili baba aridhike. Tukaenda. Pale wakatuambia kiwango cha chini ni pointi 6, na angalau D kwenye Fizikia, Kemia na Baiolojia. Yeye ana 7! Mimi nikampigia shemeji papo hapo, nikamwita "baba daktari", nikapiga vigelegele mbele za watu. Kijana wa banda akasubiri nimalize. Kisha akasema taratibu kwamba kiwango cha chini ni cha kuruhusiwa kuomba. Kuchaguliwa ni ushindani. Nafasi zinajazwa kuanzia juu, na kule Muhimbili wenye A zao wamejipanga foleni. Simu iko bado hewani. Shemeji anasikia yote. Akauliza, binafsi je? Binafsi kuna vyuo ambavyo udaktari unapita milioni 5 kwa mwaka, na ni miaka 5, halafu mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Shemeji akasema mtandao unasumbua.

Tukahamia Bodi ya Mikopo. Hapo niwe mkweli, walieleza vizuri. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA. Hela ya chakula na malazi, ambayo wenyewe wanafunzi wanaiita bumu, ni 10,000 kwa siku. Mimi siku nyingine siipati hiyo, nikauliza kama kuna bumu la wajomba, wakadhani natania. Ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Halafu wakasema mwombaji awe na mdhamini. Mtoto bila kupepesa macho: "Mdhamini ni mjomba." Nilikuja kusindikiza! Nikajikuta nimesimama mbele ya shuka jeupe napigwa picha ya pasipoti, kofia mkononi, jasho linatiririka. Picha ile ukiiona utadhani nimekamatwa.

Lakini yule mtoto, mimi nawaambia, ana akili ambazo hazikutoka upande wetu. Alipita mabanda na daftari lake dogo. Hakuuliza nani bora. Aliuliza: kozi hii imeidhinishwa na TCU? Mwaka jana wa mwisho kuchukuliwa alikuwa na pointi ngapi? Mafunzo kwa vitendo mnatupeleka wapi, au kila mtu anajitafutia? Waliomaliza miaka miwili iliyopita wako wapi sasa hivi? Hilo la mwisho ndilo lilikuwa linawatoa jasho. Wengine walikwenda kumwita bosi. Bosi akija anasema fursa ni nyingi. Kwa wale mawakala wa vyuo vya nje, wenye mabango ya ndege na theluji, aliuliza kama shahada hiyo TCU wanaitambua ukirudi nayo. Wakampa chokoleti.

Jioni akanitangazia. Amechagua Sokoine, Morogoro. Shahada ya ufugaji wa viumbe maji. Nikauliza viumbe gani. Samaki, mjomba. Nikamwambia samaki mimi nawajua, wanatoka Feri, wanavuliwa, nani anawafuga? Halafu Morogoro bahari iko wapi? Akanieleza kwa upole, vile unavyomweleza mgonjwa. Kuna mabwawa, kuna vizimba vinavyowekwa Ziwa Victoria, kuna kuzalisha vifaranga, kuna chakula chao, kuna magonjwa yao. Anasema samaki wa ziwani wanapungua na walaji wanaongezeka, na mtu aliyempata pale bandani ni mhitimu mwenyewe, ana mabwawa yake, alimwonyesha picha na hesabu za mauzo. Siyo picha ya hadubini. Picha ya perege wamejaa kwenye tenga. Mimi nilikuwa na njaa, ile picha ilinishawishi haraka.

Tatizo likawa grupu la familia. Shemeji mtandao ukarudi ghafla, wenye nguvu kabisa. "Nimemsomesha PCB aje kufuga perege?" Mke wake akaandika, "Hiyo ni akili ya mjomba wake." Bibi akauliza kama samaki wanapimwa presha. Shangazi wa Sumbawanga, mwenye ziwa zima la Rukwa mlangoni, akasema samaki hawahitaji kusomewa. Mimi nilieleza kwamba sikumshauri mtu, nilikuwa kivulini. Hakuna aliyeamini. Sasa hivi kule Tabora najulikana kama mjomba aliyempotosha daktari.

Maombi tulifanya kwa simu yangu. Zamani, kati ya 2010 na 2016 hivi, ulikuwa unaomba mfumo mmoja wa TCU unakupangia. Siku hizi unaomba kila chuo peke yake, na kila chuo kina ada yake ya maombi. Mtoto hakutaka kuweka mayai yote kikapu kimoja, akaomba na vingine vya akiba. Kila akibonyeza, salio langu linashuka. Vikimchagua zaidi ya kimoja, itabidi athibitishe kimoja kwa namba ya siri watakayomtumia. Inatumwa kwenye simu gani? Yangu. Kwa hiyo silali, simu iko chini ya mto.

Na simu yenyewe haitulii, kwa sababu ya yale madaftari. "Ndugu mwombaji, dirisha bado lipo wazi." "Hongera kwa kuichagua taaluma ya takwimu bima." Kuna binti mmoja alipiga saa tatu usiku kuniuliza nimefikia wapi kuhusu ndoto yangu. Mke wangu akataka kujua ndoto gani, na huyo binti ni nani.

Kwa hiyo jirani, kama una mtoto kamaliza fomu siksi, mpeleke maonesho. Muulize kila mwenye fulana waliomaliza wako wapi, akianza na fursa pita banda linalofuata. Vaa ndala. Na ukikuta daftari usiandike namba yako. Andika ya shemeji.